Msaada wa Herufi: Isimu ya Kutatua Fumbo la Maneno la Gazetini

Ikisiri

Mtu anapokwama katika fumbo la maneno la gazeti, swali lake la kwanza kwa aliye jirani huwa: "Linaanza na herufi gani?" Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo, lenye manufaa makubwa katika Kiingereza, mara nyingi humsaidia kidogo tu mtatuzi wa fumbo la Kiswahili. Kwa kuchunguza mpangilio wa silabi, ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi, inaonyeshwa kwamba thamani ya herufi anayopewa mtatuzi hutegemea mahali ilipo ndani ya neno, na kwamba mtunzi wa fumbo, mtunzi wa kamusi na msaidizi wa kawaida wana sababu za kulizingatia jambo hilo.

Utangulizi

Fumbo la maneno ni zao la gazeti. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi New York, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. The Times la London lilianza kulichapisha tarehe 1 Februari 1930, na The New York Times likasita hadi mwaka 1942. Kwetu mchezo huu huitwa chemshabongo, ingawa jina hilo hubeba pia michezo ya hesabu na maswali ya maarifa. Kwa sababu hiyo hapa ninatumia "fumbo la maneno". Anayelitunga nitamwita mtunzi, anayelifumbua mtatuzi, maelezo mafupi anayopewa nitayaita kidokezo, na kila nafasi ya herufi nitaiita kisanduku.

Wengi huliona suala la kuomba msaada katika fumbo kuwa la uadilifu: je, aliyesaidiwa ametatua au amedanganya? Swali hilo lina nafasi yake na nitaligusa baadaye. Kwanza kuna jambo la kiisimu ambalo halijapewa uzito unaostahili. Fumbo la maneno lilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake huweza kuishia kwa konsonanti yoyote na ambayo nomino zake hazina viambishi vya ngeli. Lilipohamia katika Kiswahili, umbo la jedwali lilihamia pamoja na desturi zake za kusaidiana, bila ya kuulizwa kama desturi hizo zinaafikiana na maumbo ya maneno yetu.

Jedwali kama msaidizi wa kwanza

Kabla mtatuzi hajamwuliza mtu wala kufungua kamusi, jedwali lenyewe huwa limekwisha kumsaidia: neno la wima likijazwa, huacha herufi zake katika maneno ya mlalo. Majedwali ya magazeti ya Marekani hushonana kabisa, yaani kila herufi ni mali ya maneno mawili. Majedwali ya Uingereza yamekaa kama wavu, na kwa kadiri ya nusu tu ya herufi za neno ndizo hukutana na neno jingine, kwa kawaida kisanduku kimoja baada ya kingine.

Mtindo wa Marekani unaikubali lugha yetu kwa shida sana. Neno la Kiswahili, kwa kawaida, hupokezana konsonanti na irabu na kuishia kwa irabu. Tukiandika neno la herufi nne la muundo huo katika safu ya kwanza, safu iliyo chini yake italazimika kuanza na irabu pale juu palipo na konsonanti, na kuwa na konsonanti chini ya irabu ya mwisho. Neno hilo la pili haliwezi kuishia hapo. Ni lazima lifupishwe kisanduku kimoja au lirefushwe, na safu ya tatu nayo irudie taabu ileile. Ndiyo maana mtunzi wa Kiswahili hujikuta anaelekea kwenye wavu hata bila ya kufundishwa.

Lakini wavu nao una siri yake. Ikiwa makutano hutokea katika kila kisanduku cha pili, na ikiwa neno hupokezana konsonanti na irabu, basi makutano yote ya neno moja huangukia ama konsonanti tupu ama irabu tupu. Tuchukue neno KIJANA. Likikutana na mengine katika visanduku vya kwanza, cha tatu na cha tano, mtatuzi atapata K-J-N-. Maneno yanayomjia mtu haraka hapo ni mawili: kijana na kijani. Likikutana katika kisanduku cha pili, cha nne na cha sita, atapata -I-A-A, na hapo mlango uko wazi kwa kijana, kiraka, kinara, kipara, kitana, kitasa, kibaba, kidaka, kifafa, silaha, riwaya, hidaya, hikaya, simama, na mengine ambayo msomaji atayaongeza mwenyewe. Herufi zilizotolewa ni tatu katika hali zote mbili.

Sababu yake inahesabika. Kiswahili kina irabu 5. Herufi zinazoweza kuwakilisha konsonanti zikiwa peke yake ni 18, tukiiacha C ambayo katika tahajia sanifu haisimami bila H. Irabu tatu huweza kupangika kwa namna 125. Konsonanti tatu kwa namna 5,832. Bila shaka si kila mpangilio huzaa neno, na herufi hazitokei kwa usawa: A hutapakaa kila mahali, jambo linalozidi kuipunguzia thamani. Aliyeambiwa "kuna A mwishoni" ameambiwa kidogo mno, hasa akiwa anatafuta kitenzi chenye asili ya Kibantu. Kinyume chake, akiambiwa kwamba kitenzi hicho kinaishia kwa U au I, atapunguza sana upeo wa utafutaji, kwa kuwa atayaelekea maneno ya mkopo kama jibu, sahau, rudi na fikiri.

Hapa pana mfano unaosumbua, na sitaukwepa. Mpangilio K-T-B- una konsonanti tatu, lakini hukubali kitabu, katibu, katiba na kutubu. Matatu ya kwanza ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu, wa mzizi k-t-b, ambamo konsonanti hubeba dhana ya uandishi nazo irabu hutofautisha mwandishi na kilichoandikwa. La nne limeingia kwa bahati tu: kiambishi ku- cha Kibantu kimebandikwa kwenye tubu, neno la mzizi mwingine kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa K-F-R-, inayokubali kafiri na kufuru za mzizi mmoja, kisha kifaru akapenya katikati yao akiwa na pembe yake. Kwa hiyo kanuni ya kuthamini konsonanti hulegea katika maneno yenye asili ya Kiarabu. Haivunjiki, kwa sababu hata hapo konsonanti zimemfikisha mtatuzi katika uwanja mmoja wa maana na kidokezo kitamalizia. Lakini ni vyema msaidizi akumbuke kwamba kwa maneno ya aina hii irabu moja ya katikati ina uzito kuliko kawaida.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa M. Nomino za ngeli za M-WA na M-MI huanza na m ambayo ni silabi kamili, kisha hufuata konsonanti. Silabi hiyo ya herufi moja huusogeza mpokezano wote kwa kisanduku kimoja. KIJANA ikikutana na mengine katika nafasi za witiri hutoa konsonanti. MKONO ikikutana katika nafasi hizohizo hutoa M-O-O. Hapo mtatuzi amejaziwa visanduku vitatu kati ya vitano, na bado anaweza kuandika mtoto, mkono, mdomo, mkopo, mgomo, mtoro au mkoko. Akiomba msaada kwa kuuliza neno linaanza na herufi gani, atajibiwa M, ambayo anayo tayari. Angeuliza herufi ya pili, angemaliza kazi.

Jambo hilo lina tokeo kwa tahajia ya majedwali. Konsonanti tunazoziandika kwa herufi mbili, kama sh, ch, dh, th, gh na ny, nazo huvuruga mpokezano. SHOKA yenye visanduku vitano hutoa S-O-A. Kama SH ingewekwa katika kisanduku kimoja, neno lingekuwa na visanduku vinne na kurudi katika mpangilio wa kawaida. Si wazo geni. Katika mafumbo ya Kiwelisi, LL, DD na CH hukaa katika kisanduku kimoja kwa kuwa alfabeti ya lugha hiyo huzihesabu kuwa herufi moja moja, na Waholanzi hufanya hivyo kwa IJ. Kwa maoni yangu nasi tungefaidika, hasa kwa ng' ambayo sasa hupoteza kibainishi chake ndani ya jedwali, ikawa ng'ombe na ngoma huanza sawasawa. Pingamizi ninalolijua ni kwamba wasomaji wamezoea kuhesabu herufi, si sauti. Ni pingamizi la mazoea, na mazoea ya gazeti hubadilika kwa tangazo la mistari miwili chini ya jedwali.

Kidokezo na ngeli

Kiingereza hakina msaada ambao Kiswahili humpa mtatuzi bure, nao ni upatanisho wa kisarufi. Tazama vidokezo hivi viwili vyenye majibu ya herufi tano: "Unasukwa kwa miyaa na kutandikwa chini" na "Linasukwa kwa miyaa na kutandikwa chini." Cha kwanza hakiwezi kuwa na jibu jingine ila mkeka; cha pili ni jamvi. Kiambishi cha mtendwa kimetaja ngeli, na ngeli imetaja neno. Sasa mtunzi abadilishe aandike: "Husukwa kwa miyaa na kutandikwa chini." Kiambishi hu- cha mazoea hakibebi nafsi wala ngeli. Mkeka na jamvi vyote vinakubalika, na mtatuzi analazimika kusubiri herufi.

Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili ana mizani mkononi. Akitumia hu- ameficha; akitumia u-, li-, ki- au zi- amefichua. Nimeona mara nyingi vidokezo vikichanganya namna hizi mbili bila ya utaratibu, kana kwamba mtunzi hakujua kuwa kwa kiambishi kimoja ametoa zaidi ya herufi mbili. Mtatuzi mzoefu kwa upande wake hukisoma kidokezo kwa ajili ya viambishi kabla ya kukisoma kwa ajili ya maana. Viumbe hai huwa na kinga yao: "Ana pembe puani" hukuambia kwamba jibu ni kiumbe, lakini hakukuambii kama jina lake ni la umbo la KI-, kwa kuwa kifaru, tembo na mbwa wote hupatana kwa a- na wa-.

Kuna pia upatanisho wa kupotosha. "Kifaa cha kupasulia kuni" hupatana na neno kifaa, wala si na shoka. Mtatuzi mchanga huona cha, akaanza kutafuta neno lenye ki-. Sidhani kwamba huu ni udanganyifu, maana kidokezo ni sahihi kisarufi. Lakini anayesaidia anapaswa kujua kwamba kosa la mwenzake limezaliwa hapo, amwondolee nomino kifaa kichwani kabla ya kumpa herufi yoyote.

Waingereza wana aina nyingine ya kidokezo, chenye sehemu mbili: moja hufasili jibu na nyingine hulijenga kwa kucheza na herufi. Kwa hiyo msaada umo ndani ya swali lenyewe, na mtatuzi akishalipata jibu hana haja ya kuthibitishiwa na mtu. Kiswahili kinaumudu mchezo huo. Herufi A, I, L na M zinatupa mali, mila, lima na imla, hivyo mtu anaweza kutega: "Mila ikivurugwa huwa utajiri (4)." Na kwa kuwa silabi zetu ni wazi, hata kupindua silabi, kama vile kata na taka, ni jambo jepesi, ndiyo mbinu ya kinyume, lugha ya mchezo ambayo vijana wa mwambao wameitumia kufichana maneno bila ya kuhitaji gazeti.

Kamusi na kompyuta

Swali la "linaanza na herufi gani" limelelewa na kamusi. Kamusi hupangwa kwa herufi ya kwanza, basi aliyezoea kamusi hutaka herufi ya kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1981, huorodhesha nomino kwa umbo kamili la umoja na vitenzi kwa shina. Mwenye M-O-O atalazimika kupitia kurasa zote za M, na M ni miongoni mwa sehemu ndefu kabisa za kamusi zetu. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilichukua njia nyingine, ya kuyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyake. Wanafunzi huilalamikia kwa ugumu wa kuitafuta, lakini kwa mtatuzi wa fumbo ina faida moja: ukishaukisia mzizi, jamaa zake wote wako mbele yako. Hata hivyo, kazi ya kamusi hizi zote ni kutoka kwenye neno kwenda kwenye maana, na mtatuzi anakwenda kinyume chake. Chombo kilicho karibu zaidi na haja yake ni Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed. Uingereza watatuzi wamekwenda mbali zaidi: baadhi ya mafumbo magumu, kama yale aliyokuwa akiyatunga Azed katika gazeti la Observer, yaliitaja kamusi ya Chambers kuwa marejeo yao, ili ubishi uwe na mahali pa kukomea.

Programu za kompyuta zinazojaza herufi zilizokosekana zimeondoa utumwa wa herufi ya kwanza, lakini zimeleta tatizo jingine. Programu ya Kiingereza hutegemea orodha ya maneno, na kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne au matano tu ya kuorodheshwa. Kitenzi pika, kwa nafsi sita na viambishi vya njeo na hali na-, li-, ta- na me- pekee, kina maumbo 24 yakinishi. Ongeza yambwa, ukanushi na mnyambuliko, orodha haishikiki. Programu ya kumsaidia mtatuzi wa Kiswahili haina budi kuijua mofolojia, ama watunzi wakubaliane kwamba maumbo yenye viambishi vya njeo hayaingii katika jedwali. Mimi naliunga mkono hilo la pili. Kidokezo kinachosema "Tayarisha chakula motoni" kidai pika, na kinachosema "Kutayarisha chakula motoni" kidai kupika; umbo la swali liwe sawa na umbo la jibu.

Msaada wa mtu

Utamaduni wetu ulikwisha kuweka adabu za kumsaidia aliyeshindwa kabla gazeti halijafika. Katika kutega vitendawili, upande uliokwama huombwa mji. Mtegaji akiuridhia, husimulia mapokezi aliyoyapata huko, ndipo anapotoa jibu. Msaada una bei, na bei hiyo hulipwa hadharani kwa kicheko. Kurasa za mashairi za magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanzishwa mwaka 1923, ziliendeleza adabu hiyo kwa njia yake: mshairi aliuliza kwa beti, na aliyejua akamjibu kwa beti katika toleo la baadaye. Fumbo la maneno nalo hutoza usiku mmoja wa kungoja, mpaka jibu litoke kesho.

Tofauti ni kwamba jibu la kitendawili haliwezi kukaribiwa hatua kwa hatua. Asiyejua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai hana herufi ya kumpeleka huko. Ama hupambazukiwa ghafla, ama hutoa mji. Katika fumbo la maneno kuna hatua nyingi kati ya kutojua na kujua, na anayetoa jibu lote kwa mkupuo humnyang'anya mwenzake hatua hizo. Wenye uzoefu hulijua hili. Ukimwambia mmoja wao, "Mwalimu, nisaidie neno la herufi tano, sehemu ya mwili," hakujibu; hukuuliza, "Una herufi gani?" Ukisema una M na O mbili, atajua kwamba mkono na mdomo vyote viwili vingali hai, na kwamba kati yao pamesimama konsonanti moja ya pili. Anaweza kukupa K. Au, akiwa mkali zaidi, atakuuliza kama hiyo sehemu ya mwili huwa na vidole.

Kwa hiyo jibu la swali la uadilifu lililoahirishwa hapo mwanzo, kwa mtazamo wangu, limo katika kipimo: msaada unaomwachia mtatuzi jambo la kufanya bado ni sehemu ya mchezo. Ugumu wa kweli uko pale ambapo hakuna msaidizi awezaye kuamua, kwa kuwa lugha yenyewe ina njia mbili. Mashine ileile ni kompyuta kwa Mtanzania na tarakilishi kwa wengi wa Wakenya, na waliosoma istilahi za zamani watakumbuka ngamizi. Lakini hayo hutofautiana kwa urefu, yakiwa na herufi 8, 11 na 7, na idadi iliyo katika mabano humaliza ubishi. Kiberiti na kibiriti hayatofautiani kwa urefu. Yote mawili yana herufi 8, na hutengana katika kisanduku cha nne tu, ambacho katika wavu wa makutano ya witiri hakikutani na neno lolote. Mtatuzi aliyeandika E atafungua gazeti la kesho akute I, na mwenzake kinyume chake, na wote wawili wana kamusi za kuwatetea. Mtunzi ambaye angepitisha neno la wima katika kisanduku hicho cha nne angekuwa amelimaliza shauri hilo kabla gazeti halijakwenda mtamboni.